Kipande Kisicho na Mwenyewe

Wifi yangu ana mdomo, na mimi nina mdomo. Mume wangu, ambaye ndiye kaka yake, hana kabisa, na nadhani ndiyo maana nyumba yetu imesimama mpaka leo.

Wifi alirudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, na mabinti wawili na godoro. Sikumpokea kwa vigelegele, nisiwadanganye. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na jiko la nje, na watoto wangu walikuwa wanalala wamepangana kama kuni. Mume wangu alikuna kichwa siku nzima. Kesho yake akamjengea dadake kibanda cha udongo upande wa pili wa ua, halafu akampa eneo lile la chini ya mfereji ambalo hata mbuzi wetu walikuwa wanalikwepa kwa sababu ya tope. Mimi moyoni nikasema, haya, huyo hamalizi mwaka.

Ngoja kwanza niwaeleze habari ya mfereji, maana bila huo hakuna hadithi. Mfereji ni wetu sisi wakulima. Hakuna serikali iliyouchimba wala kampuni inayoutunza. Waliotutangulia waliuchimba kwa majembe, wakayatoa maji mtoni, wakayapitisha ubavuni mwa kilima mpaka kwetu huku mwisho kabisa, ambako watu wa juu wakitaka kututania hutuita watu wa mkiani. Kila nyumba ina kipande chake cha mfereji. Kwenye kipande chako unafukua mchanga, unafyeka majani, unashindilia kingo zisibomoke. Ukiwa na kipande, una zamu ya maji. Huna kipande, huna zamu, hata ungekuwa mtoto wa mwenyekiti. Sheria hii haikuandikwa popote, lakini wanaume wa huku wanaikumbuka kuliko siku waliyooa.

Sasa, katikati ya mfereji kulikuwa na kipande cha jamaa mmoja aliyehamia mjini zamani. Shamba lake lililiwa na korongo, akafunga virago, hajaonekana tena hata kwenye msiba wa mamake. Kipande chake kikabaki hivyo hivyo. Ukingo ukaanza kuvuja. Kila mwaka siku ya kazi watu walikuwa wanatupia pale mawe na matawi, wanafuta jasho, wanasema tutarudi kukitengeneza vizuri. Nani arudi? Kila mtu alikuwa na kipande chake cha kumuumiza mgongo.

Na maji yaliyovuja pale yalishukia wapi? Kwa wifi.

Yule mwanamke alichapa kazi kwenye lile tope. Alipanda magimbi, akapanda matembele, pembeni kidogo palipoinuka akaweka mchicha. Asubuhi akifunga mafungu yake, akijitwika karai, anakwenda sokoni, na akirudi ana unga na sabuni. Watoto wa shule wakampa jina, Mama Tope, na jina likamganda. Mwenyewe alikuwa anaitikia bila kununa. Aliniambia kuna wanawake wanaitwa kwa majina ya waume zao na hawana hata fungu la mchicha.

Lakini tope halikumtosha. Mvua zikinyesha, lile eneo lilikuwa linageuka bwawa na kila alichopanda kinaoza. Kiangazi kikikaza, mto ukipungua, uvujaji nao unakata, na mchicha unalala chini. Hapo ndipo lilipokuwa linakuja lori la shamba kubwa la ng'ambo ya mto kuchukua vibarua. Wifi alikuwa anapanda lori kukiwa bado na ukungu, anawaacha mabinti kwangu, anakwenda kung'oa magugu ya mtu asiyemjua mpaka jioni. Alikuwa akirudi viganja vimechanika na hasemi kitu. Yule, na mdomo wake wote ule, hasemi kitu. Usiku mmoja wa kiangazi namna hiyo binti yake mkubwa aliniuliza kama mama yake anaumwa. Nikamwambia amechoka tu. Swali lile lilinikaa, lakini na mimi nilikuwa na yangu.

Yangu ni kwamba maji ya wifi yalikuwa maji yangu. Sisi tuko mkiani. Kila tone lililomwagikia magimbi yake lilikuwa limetoka kwenye njia ya mahindi yangu, na mahindi yangu yalikuwa yanapata manjano kabla hayajafika kiunoni. Nilimwambia mume wangu aseme naye. Akasema, ni dada yangu. Nikamuuliza, na mimi ni nani, mpangaji? Akachukua kofia yake akatoka.

Basi ukaja ule mwaka mto ulipopungua mapema. Mwenyekiti wa mfereji akaita mkutano kule juu kwenye banio, pale maji yanapoachana na mto kuingia mferejini. Mwenyekiti si mtu mbaya. Ana duka, na anaongea na kila mtu kama anayemhesabia chenji. Akasema ule uvujaji wa katikati sasa basi. Banio litafungwa, mfereji ukauke, watu washuke pamoja wazibe pale mahali mpaka pazibike, maana mwaka huu hakuna tone la kupoteza. Watu wakakubali. Mimi nilipiga makofi, tena kwa nguvu, na nilikuwa naona kabisa wifi amesimama nyuma ya watu ameegemea jembe.

Nilidhani atalia. Kila mtu alidhani atalia, na wengine walikuwa wameshageuza shingo ili waone vizuri. Yeye akapita katikati ya watu mpaka mbele.

"Sikuja kuomba maji," akasema. "Nimekuja kuomba kipande. Kile kinachovuja."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasafisha koo, akaanza kumweleza taratibu kwamba kipande kile kina mwenyewe. Mwenyewe yuko mjini, anaweza kurudi wakati wowote. Mtu mmoja akacheka waziwazi. Mwenyekiti akabadilisha, akasema labda mwakani, baada ya mavuno, jambo kama hili linahitaji kutazamwa, lisije likaharibu utaratibu. Watu wa juu wakaitikia wote kwa pamoja, ndiyo, ndiyo, utaratibu.

Ule umoja wao ndio ulionishtua. Tangu lini watu wa juu wakapenda utaratibu? Nikaanza kufikiri. Kipande kina zamu. Yule wa mjini ameondoka, kipande kimebaki. Zamu yake nayo ilikwenda wapi? Zamu ile inakuja baada ya zamu ya fundi cherehani, ambaye shamba lake liko katikati, na baada yake inakuja yangu. Nikakumbuka kila mara fundi akimaliza, maji yalikuwa yanarudishwa kwenye mashamba ya juu, yanakaa huko muda wa zamu nzima, halafu ndipo yanaachiwa yashuke kwangu. Nami saa zangu zinakwisha nimeshika jembe natazama maji yakitambaa kwenye mfereji mkavu kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Nilikuwa namlaumu wifi kwa kinachovuja, kumbe watu wa juu wanakunywa zamu nzima.

Nilisimama, na msiniulize kama nilisimama kwa mapenzi ya wifi, maana sikusimama kwa mapenzi. Nilisimama kwa hasira. Niliwauliza pale pale mbele ya watu wote, zamu ya bwana wa mjini inamwagilia nini. Nikauliza tena, nikamtazama mwenyekiti, ambaye migomba yake iko juu na inapendeza kweli kweli. Fundi cherehani, mtu mpole asiyependa ugomvi, akainua mkono akasema kwamba hata yeye amekuwa akijiuliza. Hapo watu wa mkiani wakapata sauti. Kelele zikawa kelele.

Mwenyekiti aliona hali imemgeukia. Akakubali, lakini akaweka sharti: wifi apewe kipande, akitengeneze wakati banio limefungwa. Siku maji yatakapofunguliwa, ukingo ukishika, zamu ni yake. Ukivuja, kipande kinarudi kwa kamati ya mfereji na asitajwe tena. Wifi akasema sawa. Hakumshukuru, na mimi nilipenda hivyo.

Njiani kurudi alinipita bila kuniangalia, akasema tu, sikujua kama una sauti nzuri hivyo, wifi, siku zote naisikia ikigombana na kuku. Nikamwambia asinizoee.

Sasa maneno yakaanza. Mabombani, mashineni, kila mahali. Watu walikuwa wanasema Mama Tope si mjinga, ataacha kitundu. Akiziba kabisa anajikausha mwenyewe, magimbi yake yatakufa kabla zamu haijamfikia. Kwa hiyo atapaka udongo juu juu, maji yashike siku ya kukaguliwa, halafu yaanze kumvujia taratibu kama zamani. Nikasikiliza, na kusema kweli na mimi wazo hilo lilikuwa limenipitia.

Nikaenda kumsaidia. Mume wangu alikuwa ameshatangulia, yuko ndani ya mfereji anafukua. Walikuwa wameubomoa ukingo wote, si kuuziba, wameubomoa mpaka chini kwenye ardhi ngumu. Ndani walikuta matawi yaliyooza ya miaka yote ile ya tutarudi, mashimo ya panya, na mizizi iliyokuwa imetengeneza njia za maji kama mabomba. Wifi aliitoa yote. Halafu akatutuma tuchimbe kichuguu kilichokuwa nyuma ya kibanda chake, udongo ule wa mchwa unaonata, tukaubeba kwa makarai. Tukaumwagia maji ya ndoo, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini kama unga wa chapati. Alikuwa anautandaza tabaka jembamba, anaushindilia kwa gogo, ndipo anaweka lingine. Nilimwambia aongeze unene twende haraka, jua linatuchoma. Akasema nikitaka haraka nikapike.

Mume wangu alipokwenda kuongeza udongo, tulibaki wawili tunakanyaga. Nikaona bora nimuulize kuliko kubaki na jambo kifuani.

"Ukiacha kitundu kidogo tu, wifi, nani atajua?"

Hakukasirika. Aliendelea kukanyaga.

"Kitundu hakinisikilizi," akasema. "Nikitaka maji, hakina. Nikitaka pakauke, kinamwaga. Nimelima magimbi muda wote huu kwa sababu kwenye tope hakiwezi kulimwa kingine. Nataka nipande vitunguu, wifi. Kitunguu kinataka maji leo, kesho kikae pakavu. Nataka niyafungue mimi na niyafunge mimi. Nimechoka kulishwa na bahati mbaya ya watu wengine."

Nikaendelea kukanyaga udongo. Nilikuwa naona haya, lakini pia nilikuwa naona furaha ambayo sikujua naiweka wapi.

Siku ya kufungua maji watu walijaa pale kuliko kwenye mkutano. Mwenyekiti alikuja na viatu vyake vya safari. Wifi alikuwa ameshuka upande wa nje wa ukingo, amepiga magoti kwenye magimbi yake, uso umekaribia udongo. Tukasikia watu wa juu wakipiga mbinja kwamba yameachiwa. Yakaja. Kwanza povu na majani makavu, halafu maji yenyewe, yakajaa, yakapanda kwenye ukingo mpya.

Kidogo tu pakaonekana unyevu upande wa nje, sehemu ya upana wa sahani. Watu wakaanza kunong'ona. Nikamshika mume wangu mkono mpaka akalalamika. Wifi aliuweka mkono pale, akausikiliza kama mtu anayepima homa ya mtoto. Halafu akazunguka, akaingia mferejini na nguo zake, maji yakamfika mapajani, akaanza kukanyaga ndani ya ukingo mahali pale pale, anakanyaga na kuongeza udongo, anakanyaga na kuongeza. Hakuna aliyemwambia atoke. Fundi cherehani akavua viatu, akaingia naye. Mwenyekiti akabaki ukingoni na viatu vyake.

Unyevu ukasimama. Haukuongezeka, na baadaye jua likaukausha tukiwa tunatazama. Mwenyekiti akapita na fimbo, akagonga hapa na pale, akasema umeshika. Wakati huo huo tukasikia kelele za furaha mbali huku kwetu, maana maji yalikuwa yamefika mkiani yakiwa bado na nguvu. Nilikimbia. Umri huu na kilo hizi, nilikimbia. Nilikuta maji yananisubiri mlangoni mwa shamba langu, yamejaa mpaka juu, na sikuwahi kuyaona hivyo tangu niolewe. Nililia kama mtoto. Nimeyasema, sioni aibu.

Lakini kwa wifi mambo yalikuwa kinyume. Zamu inazunguka, na yake ilikuwa bado mbali. Siku zikapita, lile tope likaanza kupasuka. Majani ya magimbi yakainama, matembele yakajikunja, na mchicha hata wa kupika nyumbani ukaisha. Alikuwa ameshasia kitalu cha vitunguu pembeni mwa kibanda, anakinywesha kwa maji aliyooshea vyombo. Miche ilikuwa myembamba kama nywele. Nilimpelekea unga akakataa, nikautuma kwa binti yake akapokea, na hapo tukaelewana bila kusema.

Asubuhi moja lori la vibarua likaja. Lilisimama mbele ya kibanda chake kama kawaida, dereva akapiga honi, akasubiri. Nilikuwa nafagia uani. Nilimwona wifi anatoka, amejifunga kanga kiunoni, na ndani mwake najua hapakuwa na kitu, maana mabinti walikuwa wamelala kwangu na nilijua walichokula. Angepanda, hakuna ambaye angemcheka. Lakini zamu yake ilikuwa imekaribia, na ukikosekana zamu yako ikikufikia, maji yanakupita yanakwenda kwa mwingine. Lori nalo linarudi jioni. Alisimama pale mlangoni akilitazama. Dereva akapiga honi tena. Wifi akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na jembe kwenda kuandaa matuta. Lori likaondoka. Nilibaki nimeshika ufagio, nikiwaza, Mungu wangu, na kama ile miche ikifa?

Siku ya zamu yake nilikuwa shambani kwangu nasubiri ya kwangu. Huku kwetu maji hayachukuliwi tu. Anayemaliza anapaza sauti, anasema maji yako, na anayefuata lazima aitikie nimepokea, kwa sauti, wote wasikie. Ndivyo tunavyozuia ugomvi. Asiyeitikia hajapokea.

Fundi cherehani alisimama juu ya ukingo, akaweka mikono mdomoni.

"Dada, maji yako."

Kimya. Niliinua kichwa. Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa maji wa shamba lake, jembe mkononi, wala hasogei. Nilidhani hajasikia. Fundi akaita tena, akamtaja kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, ambalo sikumbuki mara ya mwisho kulisikia. Bado kimya. Nikatupa jembe langu, nikapanda ukingoni kwenda kumtikisa, kwa sababu maji hayangojei mtu.

Nilipomkaribia niliona machozi yanamshuka mpaka shingoni. Alikuwa amesikia vizuri tu. Miaka yote aliyoishi hapa akilima maji yaliyomwagika, hakuna mtu aliyewahi kumwita.

"Itikia, wifi," nikamwambia. "Itikia, yatakupita."

Akaitikia. Sauti ya kwanza haikumfikia hata fundi. Akasafisha koo akaitikia mara ya pili, nimepokea, na hiyo ilifika mpaka mkiani kabisa, maana nilisikia mtu huko akijibu kwa kicheko cha furaha.

Halafu akafungua. Na kwa kuwa miaka yote hiyo alimwagiliwa na kitundu, hakuwa amejifunza kupima, akafungua mlango wote kwa mara moja. Maji yakaingia kwa kishindo, yakabomoa tuta la kwanza na kuizoa nusu ya miche aliyokuwa ameihamisha jana yake. Nilipiga kelele, nikashuka matopeni, nikamwambia aminye, aminye, anatumaliza. Yeye alikuwa amesimama katikati, maji yanampita kwenye vifundo vya miguu, anacheka na kulia.

"Yaache kidogo, wifi," akasema. "Haya ni yangu."

Nikayaacha kidogo. Kisha nikachukua jembe nikamwonyesha jinsi ya kuyapunguza, kwanza na kiganja cha udongo, halafu na kingine, mpaka yakatulia na kuanza kutembea taratibu kati ya matuta. Tuliinama pamoja tukaokota miche iliyozolewa, mmoja mmoja, tukairudishia.